Kurudi Darasani Baada ya Miaka 40: Mwongozo Kamili, Kuanzia Aibu Hadi Chumba cha Mtihani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nina miaka 43, niliishia darasa la saba. Bado naweza kupata cheti cha kidato cha nne?" Najibu ndiyo, naeleza utaratibu, mtu anashukuru. Mwaka unaofuata mtu yule yule ananiuliza tena. Utaratibu alikuwa anaujua tayari. Kilichomkwamisha ni mambo yanayotangulia utaratibu: kumwambia mwenzi wake, kukaa benchi moja na kijana wa miaka 19, kusoma Kiingereza kwa sauti mbele ya watu.

Baada ya kufundisha madarasa ya jioni ya watu wazima, naamini jambo moja. Anayesubiri siku atakayoamka bila woga hataianza safari hii. Wanaofika Novemba, mwezi wa mtihani, wakiwa na namba ya mtihani mfukoni walianza huku wanaogopa, ila walijipangia mambo ili kila hatua idai ujasiri mdogo tu. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina mpangilio wake. Usiruke, hasa ya tatu na ya nane.

Mwongozo huu ni kwa Tanzania, na kwa makundi mawili: aliyeishia darasa la saba au aliyeacha sekondari mapema, na aliyefika kidato cha nne akaambulia sifuri au ufaulu mdogo na sasa anataka kurisiti, yaani kuurudia mtihani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa au namba yake (NIDA).
- Cheti cha kumaliza darasa la saba. Kama uliwahi kufanya mtihani wa kidato cha nne, tafuta namba yako ya mtihani, kituo na mwaka.
- Fedha za usajili, zikae peke yake. Zikichanganyika na hela ya kula, zitaliwa.
- Daftari moja kubwa la mazoezi na moja dogo la maneno ya Kiingereza.
- Muda wa saa moja na nusu kila siku, wakati ule ule.
- Mtu mmoja anayejua unachofanya na atakayekuuliza kila Jumapili umefikia wapi.
- Miwani ya kusomea, kama macho yanaihitaji.

Hiyo ya mwisho naomba uitilie maanani. Tukifika miaka ya 40, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na maandishi ya karibu yanafifia. Ukijikuta unasogeza simu mbali ili usome ujumbe, au unatafuta mwanga zaidi kuliko zamani, tayari imeanza. Nimewaona watu wanaojiita wazito wa kichwa, wanaumwa kichwa baada ya kurasa mbili, wanasinzia, wanasoma mstari mmoja mara tatu. Walipopimwa macho na kupata miwani, wengi wao kumbe kichwa hakikuwa na shida yoyote. Nenda kapime kwa mtaalamu wa macho kabla hujajihukumu.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji kidato cha nne

Andika sentensi moja: "Nataka cheti cha kidato cha nne ili ..." Malizia.

Sababu ya kuandika ni kwamba siku ya kuchoka itakuja, na siku hiyo "nataka kujiendeleza" haitakuamsha saa kumi alfajiri. "Ili nisidharauliwe" ni sababu ya kweli, siipuuzi, lakini peke yake haifiki mbali. Iongezee kitu unachoweza kukishika: kozi fulani, nafasi fulani kazini, biashara fulani.

Kwa anayetaka ajira serikalini jibu liko wazi. Tangu tarehe 20 Mei 2004 sifa ya chini kabisa ya elimu ni kidato cha nne. Kwa fundi ujenzi, fundi magari, mpishi au mshonaji aliyejifunzia kazini, huenda njia fupi zaidi iko VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kile unachokifanya kwa mikono yako na kupewa cheti. Na kama kidato cha nne unacho tayari na shida yako ni kuingia chuo kikuu, ulizia kama sifa zako zinakubalika kwa kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kabla hujaamua kurisiti.

Kisha piga hesabu hii. Utumishi wa umma unakoma kwa lazima ukiwa na miaka 60. Mwenye miaka 42 akisoma miaka miwili anabakiwa na miaka 16 ya kufanya kazi na cheti chake. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 ameshatumika miaka 17 kufikia umri huo, na hakuna anayesema miaka hiyo ilikuwa michache.

*Umefaulu hatua hii kama* unaweza kumsomea mtu sentensi yako akaelewa bila kuhitaji maelezo ya ziada.

Hatua ya 2: Zitaje hofu moja moja

Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande wa kushoto andika kila unachokiogopa, kwa maneno yako, hata kama unaona haya kukiandika. Upande wa kulia andika ukweli wake. Hofu iliyoandikwa inaweza kujibiwa, lakini ile iliyobaki kifuani inakua tu.

Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi.

"Kichwa kimeshaganda." Kasi ya kukariri hupungua kadiri umri unavyoenda, hilo ni kweli. Lakini hazina ya maneno na uwezo wa kuunganisha mambo hauanguki hivyo. Katika Uraia, Jiografia na Baiolojia unaingia ukiwa na mtaji: umepiga kura, umelipa kodi, umelima, umelea mtoto mwenye malaria. Kijana anakariri chanzo cha mmomonyoko wa udongo, wewe umeuona ukila shamba lako. Na kama unadhani 45 ni uzee, mkumbuke Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya elimu.

"Nitachekwa." Utachekwa, sikufichi. Ila watu wa mtaani huchoka haraka, wakipata habari nyingine ya kuzungumza wanakusahau. Hatua ya nane inaeleza namna ya kuwajibu.

"Nikifeli kila mtu atajua." Fungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, uyaangalie mwenyewe. Utaona namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na masomo. Jina hakuna. Asiyeijua namba yako hawezi kujua ulipata nini, na namba unampa unayemtaka.

"Sina hela." Hapa kuwa mkweli zaidi. Kuna watu kweli hawana, nao waanze na Hatua ya 4, ambayo ni ya bure, huku wakiweka akiba ya usajili kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Lakini wengine wanachangia kitchen party tatu kwa mwaka na sare za harusi mbili. Kwao neno sahihi ni "sijaitengea."

*Umefaulu kama* upande wa kulia wa karatasi hauna mstari mtupu.

Hatua ya 3: Sema nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wengi wanakwama kwa sababu wanasema vibaya au hawasemi kabisa. Kuna anayejiandikisha kwa siri, anasingizia kwenda kikoba, mpaka siku anaonwa akitoka kituoni saa mbili usiku. Ukifika hapo, huzungumzi tena habari za shule, unajitetea kuhusu uaminifu.

Mwenzi wako akisikia "nataka kurudi shule", mara nyingi anasikia kitu kingine: unabadilika, utanidharau, utaniacha. Maneno matamu hayaiondoi hofu hiyo. Inapungua akipewa mambo matatu anayoweza kuyahesabu: saa, fedha, na tarehe ya mwisho.

Chagua wakati tulivu. Usiseme siku ya ugomvi, wala mbele ya watoto, wala kwa ujumbe wa simu. Mazungumzo yanayofanikiwa huwa na sura kama hii:

"Baba Neema, nina jambo nataka tulizungumze."

"Sema tu."

"Nataka kusoma. Darasa la jioni, siku nne kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu."

"Shule? Ya nini tena, mama? Unataka uwe nani?"

"Nataka cheti cha kidato cha nne. Pale ofisini bila cheti hicho nitabaki mhudumu mpaka nastaafu. Ni miaka miwili, namaliza Novemba ya mwaka kesho."

"Na hapa nyumbani?"

"Siku za darasa mboga nitaipika alfajiri, Neema akirudi atasonga ugali. Ada naitoa kwenye hela yangu ya kikoba. Ya kodi ya nyumba siigusi."

"Mh. Hebu niache nifikirie."

Mwache afikirie. Mama Neema hakulia, hakumkumbusha alivyokatishwa masomo mwaka gani na nani, hakumlinganisha na mume wa jirani. Alitoa saa, fedha na mwisho. Pia hakudai jibu usiku ule ule.

Akisema hapana, omba kipindi cha majaribio: "Naomba miezi mitatu. Ukiona nyumba imeharibika, tutakaa tena." Miezi mitatu ni rahisi kukubalika kuliko miaka miwili, na ikipita vizuri watu huwa wameshazoea. Akikataa kabisa, tafuta mtu mnayemheshimu wote wawili, awe shangazi, mshenga, shehe au mchungaji, akazungumze naye. Na kama kumwambia tu kunakutia hofu ya kupigwa, usianze wewe. Anza na huyo mtu wa tatu, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Wanaume wenzangu, ugumu wetu kwa kawaida uko kwa watoto. Baba anaona akimwomba binti wa kidato cha pili amweleze milinganyo ya hisabati atakuwa ameshuka. Nimeshuhudia kinyume chake kwenye familia nyingi: mtoto anayemfundisha baba yake anasoma kwa bidii zaidi, maana hataki kuulizwa swali asilolijua. Mwambie waziwazi: "Mwanangu, baba nasoma. Nisaidie hesabu siku za Jumamosi." Hapo mzigo mkubwa unakuwa umeshautua, kwa sababu mtu uliyemwogopa kuliko wote ameshajua.

*Umefaulu kama* wote mnaolala nyumba moja wanajua siku zako za darasa, na hakuna unayemficha madaftari.

Hatua ya 4: Jaribu wiki mbili kabla ya kulipa

Azima kitabu kimoja cha kidato cha kwanza. Kimoja tu. Soma wakati ule ule kila siku kwa wiki mbili, hata ukurasa mmoja.

Namna ya kusoma ni hii. Soma ukurasa, funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho yake, kabla ya ukurasa mpya, rudia kuandika wa jana bila kuutazama. Inachosha kuliko kupigia mistari chini ya maneno, na ndiyo maana inakaa kichwani.

Lengo la wiki hizi ni kujua kama muda uliojitengea upo kweli. Wengi wanapanga kusoma saa tatu usiku, kumbe saa tatu usiku ni muda wa taarifa ya habari, wageni na usingizi. Ukiona umeshindwa siku tatu za mwanzo, usiache. Hamishia alfajiri. Watu wazima ninaowajua waliofika mwisho, wengi walisoma alfajiri kabla nyumba haijaamka.

Onyo: usinunue vitabu vyote sasa. Mitaala mipya ya mwaka 2023 inaingia kwa awamu, na vitabu vya zamani na vipya viko sokoni kwa pamoja. Ukinunua kabla kituo hakijakuambia mtihani wa mwaka wako unafuata mtaala upi, unaweza kubaki na mzigo usiokusaidia.

*Umefaulu kama* umesoma angalau siku 10 kati ya 14.

Hatua ya 5: Chagua kituo, kakae darasani siku moja

Ulizia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima katika mkoa wako, kisha vituo binafsi vilivyo karibu na kazini au nyumbani. Kituo cha umbali wa daladala mbili utakiacha masika. Omba kukaa nyuma kipindi kimoja kabla ya kulipa, uone kama mwalimu anafika kwa wakati na kama kuna watu wa rika lako hata wawili. Uliza pia mtihani wenyewe unafanyikia wapi, kwa kuwa mahali pa kusomea si lazima pawe kituo cha mtihani.

Akitokea mtu anayekuahidi cheti bila kufanya mtihani, ondoka na usirudi. Uhakiki wa vyeti uliotangazwa Aprili 2017 uliwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932, wengine wakiwa wamebakiza muda mfupi kustaafu.

Hatua ya 6: Jisajili

Kama hukusoma sekondari, utaanza na QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Unafanyika Novemba. Ukifaulu, mwaka unaofuata unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka miwili ya Mama Neema ndiyo hiyo. Anayerisiti anakwenda moja kwa moja kwenye kidato cha nne, kwa kutumia kumbukumbu za mtihani wake wa zamani.

Usajili hufunguliwa Januari. Kwa kawaida dirisha lisilo na faini hufungwa mwisho wa Februari, na Machi hulipwa kwa faini. Nenda Januari. Februari ina foleni, mtandao unazidiwa, na woga wako utapata kisingizio.

Utaratibu ni kwenda kwenye kituo cha mtihani, kupewa maelekezo na namba rejea, kulipa ada kwa namba ya malipo ya serikali, kisha kujaza fomu mtandaoni. Usitume ada ya mtihani kwenye simu ya mtu binafsi, hata akiwa mwalimu unayemwamini.

Sasa majina. Hapa panahitaji utulivu. Watu wa rika letu tuna majina mengi: la shuleni, la ubatizo, la baba mlezi, la mume. Cheti cha darasa la saba kinasema Mwanaidi Juma, NIDA inasema Mwanaid Juma Hamisi, kazini wanamwita Mama Salma. Jina utakaloandika ndilo litakalochapwa kwenye cheti, na likitofautiana na kitambulisho utahangaika kila utakapoomba kazi au chuo. Weka karatasi zako zote mezani, zilinganishe herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, onana na wakili upate hati ya kiapo, na urekebishe kumbukumbu RITA, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, au NIDA kabla ya kujaza fomu.

*Umefaulu kama* una fomu iliyochapwa yenye jina sahihi, masomo yako na namba ya kituo. Ipige picha umtumie yule mtu wako wa Jumapili. Kuanzia hapo kurudi nyuma kuna gharama, na gharama hiyo inakusaidia.

Hatua ya 7: Panga wiki ya mtu mwenye familia

Usiige ratiba ya mwanafunzi wa bweni. Panga siku tano za kusoma, moja ya kufidia, moja ya kupumzika. Msiba utatokea, mtoto ataumwa, siku ya kufidia ndiyo itakayokuokoa. Kwa anayefunga Ramadhani, muda baada ya daku na alfajiri ni mzuri kuliko jioni. Mkulima apunguze kipindi cha kulima na kuvuna na aongeze kiangazi.

Hisabati ifanye kila siku, hata maswali matatu. Ni somo linaloangusha watahiniwa wengi nchini, na halisomeki kwa mkupuo.

Tatizo kubwa zaidi kwa aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili ni lugha. Masomo mengi, ukiacha Kiswahili, yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtu anajua kabisa jinsi mbu anavyoeneza malaria lakini hajui swali linamtaka ataje, aeleze au atofautishe. Kwa hiyo anza na maneno ya amri yanayofungua maswali. Chukua mitihani ya miaka mitano ya nyuma, piga mstari chini ya kitenzi cha kila swali, kiandike kwenye daftari dogo pamoja na maana yake. Utagundua ni vitenzi vichache vinavyojirudia. Ukivijua hivyo, umeshaelewa unaulizwa nini. Baada ya hapo ongeza maneno ya somo, machache kila siku, na kila neno litungie sentensi ya maisha yako mwenyewe.

Soma kwa sauti. Mara ya kwanza utaona aibu ukiwa peke yako chumbani, na ni vizuri aibu hiyo iishie huko chumbani kabla mwalimu hajakusimamisha.

Hatua ya 8: Vuka mwezi wa tatu

Watu hawaachi siku ya kwanza. Wanaacha mwezi wa tatu, baada ya jaribio la kwanza kurudishwa. Unaona 12 juu ya karatasi ya Hisabati, kijana pembeni ana 58, na maneno yote uliyowahi kuambiwa yanarudi. Keshokutwa unakosa darasa kwa sababu ya mvua. Wiki inayofuata unaona haya kurudi kwa kuwa ulikosa. Hivyo ndivyo mtu anavyopotea, bila kuamua kuacha.

Weka kanuni mapema: unaweza kukosa siku moja, hukosi mbili mfululizo. Ukikosa ya pili, yule mtu wako ana ruhusa ya kukupigia na kukuuliza uko wapi.

Halafu zitazame alama kwa macho ya mtu wa hesabu. Katika kidato cha nne, D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Pointi huhesabiwa kwa masomo saba bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mwenye C nne na D tatu anapata pointi 24, na hiyo ni divisheni three. Mwenye D saba ana 28, divisheni four. Kwa hiyo mwenye 22 leo hajaachwa na dunia nzima, amebakiza alama nane kufika D. Nane ni swali moja au mawili. Chukua karatasi, tafuta ni maswali yapi ulikaribia kupata, nenda nayo kwa mwalimu na umuulize hayo tu.

Hisabati ikikushinda kabisa, usiiruhusu ikuondoe. Shikilia masomo sita mengine, ipe Hisabati muda wake mdogo wa kila siku, na songa.

Na mtaani? Atakuwepo wa kusema "mzee mzima na madaftari", au "shoga yangu, unataka udaktari uzeeni?" Usitoe historia ya maisha yako wala usigombane. Jibu fupi: "Nasoma, namaliza Novemba mwakani." Kisha uliza habari za kwake. Wanaokucheka mbele za watu, wawili watatu watakufuata baadaye pembeni kuuliza ulijisajili wapi. Nimeliona hilo mara nyingi, na huwa linanifurahisha kuliko matokeo mengi.

*Umefaulu kama* uko darasani mwezi wa nne, alama zozote ulizonazo.

Hatua ya 9: Mtihani

Uliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Iombe Agosti, kwa maandishi, iangukie Novemba. Wanaokumbuka likizo wiki ya mtihani hufanya pepa ya asubuhi wakiwa wametoka zamu ya usiku.

Nenda ukakione chumba kabla ya siku yenyewe. Beba miwani miwili kama unaweza, kalamu mbili, na kitambulisho. Simu iache nyumbani kabisa. Kukutwa nayo ndani ya chumba cha mtihani kunaweza kufuta matokeo yako yote.

Ukikaa, mikono ikitetemeka, usianze na swali la kwanza. Pitia karatasi yote, tafuta swali unalolijua vizuri kuliko yote, lijibu hilo kwanza. Mkono ukishaandika aya moja ya uhakika, mapigo yanatulia.

Hatua ya 10: Matokeo

Hutoka Januari. Fungua ukiwa na mtu wako wa Jumapili, na muandike somo kwa somo kabla ya kuzungumzia divisheni.

Aliyefaulu QT ajisajili kidato cha nne mwezi huo huo. Aliyemaliza kidato cha nne arudi kwenye sentensi ya Hatua ya 1 na kuangalia kozi au nafasi ile inataka alama gani katika masomo yapi. Kama yamepungua mawili, utarisiti hayo mawili tu, na dirisha la usajili lisilo na faini linakuwa bado wazi mpaka mwisho wa Februari.